Tiketi ya Mzee Miwani

Jumatatu, 3 Machi
Filamu ya maisha ya Mzee Miwani bado imekwama Bodi ya Ukaguzi. Miezi mitano sasa! Mtengenezaji kaniambia ndani mna picha halisi za siku Mzee alipofungua ukumbi wetu wa sinema. Marehemu mke wangu yumo. Alikuwa mkata tiketi. Akamzuia Mzee, kiongozi wa nchi, mlangoni, akamwambia hata yeye hapiti bila tiketi. Mji mzima uliona. Mimi nilikuwa juu, chumba cha mashine, napanga mkanda. Miaka arobaini nasimuliwa tu. Nataka kumwona. Basi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili! Kinachokatazwa hutamaniwa. Nikiilalamikia filamu, watu wataitaka, Bodi itasalimu amri. Nimeandika barua, moja Bodi, moja gazetini: “Mwananchi Mwenye Uchungu”. Nikataja tukio linalomdhalilisha Mzee, la tiketi. Ndilo pekee ninalolijua. Binti yangu kauliza naandika nini ulimi nje hivyo. Nikasema shairi.

Alhamisi, 6 Machi
Barua imetoka! Kinyozi wa mkabala, mtu asiyejua sinema wala adabu, kawasomea wateja wake, kasema mwandishi ni punguani. Wivu.

Jumamosi, 8 Machi
Maandamano. Nilitarajia watu kumi, wamejaa barabara nzima. Huku wanataka filamu ifungiwe, kule ioneshwe. Nilishika mabango ya pande zote kwa zamu, mambo yasipoe. Kinyozi akauliza kama nina pacha. Mara kioo cha dirisha la tiketi kikapasuka. Kile alichokuwa akikifuta mke wangu kila jioni kwa ncha ya mtandio wake. Niliokota vipande mwenyewe, moyo umeniuma. Kinyozi akaja na ufagio, akasema shemeji yake angekuwapo wasingethubutu. Kweli. Ila ufagio wake umejaa nywele.

Jumanne, 11 Machi
Balaa! Barua niliyoipeleka Bodi niliiwekea anwani ya ukumbi. Wanamwita Mwananchi Mwenye Uchungu kesho, atazame tukio na kuthibitisha malalamiko. Binti kanisihi nikaseme ukweli. Nimetoa suti ya harusi. Haifungi, lakini mama yake ndiye aliyeichagua.

Jumatano, 12 Machi
Chumba kidogo, viti sita, feni moja. Taa zikazimwa. Huyo hapo! Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeziba mlango. Kiongozi wa nchi anapapasa mifuko. Yeye anacheka na pengo lake lile. Kisha akainua macho kwenye kidirisha changu cha juu. Alinitafuta. Nami nilikuwa nimeinamia mkanda, mjinga mimi.

Nililia kama mtoto. Mwenyekiti akanipa kitambaa, akaandika kwamba mlalamikaji ameumia vibaya sana. Nilitaka kukanusha. Nikaishia kupenga kamasi.

Ijumaa, 14 Machi
Filamu imefungiwa nchi nzima. Sababu: machozi ya mzee mmoja. Kinyozi kaapa akimpata mzee huyo atamnyoa bila maji. Binti kanikalisha chini, kaniambia baba, barua basi. Nimeapa.

Jumapili, 16 Machi
Nimetulia, nimefikiri. Kumbe kanuni yao ni kumwonesha mlalamikaji tukio lenyewe. Na mlalamikaji mpya je? Ataoneshwa upya! Nimeanza: “Mimi, Mzazi Mwenye Hasira, nimeudhiwa na kicheko cha mkata tiketi.” Anwani nimeweka ya kinyozi, nisishtukiwe.

Binti kapita, kauliza naandika nini tena. Shairi, nikasema. La mama yako.