Idara ya Kutogusa

Inatangazwa kwa wakazi wote wa mji wetu wa Bemidji, na kwa ndugu zao waliokimbilia Arizona kukwepa baridi, kwamba Idara ya Kutogusa bado ipo, inafanya kazi, na haijashindwa na maji. Maneno ya mitaani kwamba tulifukuzwa na dereva wa basi la shule yapuuzwe. Tulihama kwa kufuata kanuni, tena kanuni yetu wenyewe.

Mimi ni Naibu Msimamizi wa Idara hiyo katika kampuni ya Amana ya Ziwa. Tunatunza akiba za uzeeni za watu wasiotaka fedha zao zilale. Mtu akitaka, akiba yake inamkopesha mwenye jengo, jengo linawekwa rehani, na riba inarudi kwenye akaunti bila kuguswa na kodi. Raha tupu. Ila anayekopesha ni akaunti, si wewe. Mkopaji akishindwa kulipa, jengo linakuwa la akaunti, si lako. Ukipigilia humo hata msumari mmoja, serikali inahesabu umeitoa akiba yote, na inakukata kodi mpaka ushike kichwa. Ndiyo maana ikaundwa idara nzima ya kuhakikisha watu hawagusi. Sheria ni msumeno, na sisi ndio tuliokabidhiwa mpini.

Bi Arlys Haugen alikuwa mteja wetu. Ni mjane anayekaribia miaka sabini, anaendesha basi la shule, na magoti yake yamezichoka ngazi za basi hilo.

"Akiba hii ndiyo itakayoniteremsha," aliniambia siku anafungua akaunti. "Ikipotea, mtanizika na usukani mkononi."

Nilimhurumia, kisha nikamwonyesha pa kuweka saini.

Karibu akiba yote akaikopesha kwa Rolf Tveit, mwenye jengo la matofali katika Mtaa wa Tatu. Karatasi zikaja kwangu, nikazipitisha. Nieleze hapa, maana watu wana midomo: Idara haisomi mkopo ni wa nani wala jengo liko wapi. Kazi yetu ni kuangalia kama kila kisanduku kimejazwa. Vilijazwa vyote, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Rolf akalipa, akalipa, halafu kimya. Sasa yuko Arizona anacheza gofu. Kabla ya Krismasi jengo likawa la akaunti ya Bi Arlys.

Januari ikaleta baridi ile ya kugandisha unyevu puani. Jioni moja Bi Arlys akapiga simu.

"Kijana, bomba la juu kwenye lile jengo halina hata kitambaa. Usiku huu litaganda lipasuke. Nataka nipite tu, nifungue koki kidogo, maji yawe yanadondoka, yasigande. Si kila mtu anafanya hivyo kwake?"

"Kwake, Bi Arlys. Lile si lako."

"Ni kuzungusha koki, mwanangu."

"Ni kazi. Mwenye akaunti hagusi."

"Basi akaunti imlipe fundi."

"Hilo ruksa. Leta ombi."

"Nililileta kabla ya Krismasi."

"Basi liko kwenye foleni. Naomba mikono yako ikae mfukoni."

"Haya," akasema. "Mimi nimesema." Sauti ilikuwa inamtetemeka, nami niliumia, lakini nilikuwa nimeshavaa koti la kurudi nyumbani.

Asubuhi nilikuta ofisi yetu inavuja dari nzima. Mkurugenzi, Bwana Curtis Lindgren, alikuwa amesimama juu ya kiti, viatu mkononi.

"Mpigie mwenye nyumba," akaniamuru.

Nikampigia Rolf, aliyetupangisha ofisi. "Sina nyumba huko," akasema. "Jengo lilikwenda kwa akaunti ya yule mama wa basi. Si mnaitunza nyie?"

Nikalitoa jalada, nikaisoma anwani kwa mara ya kwanza. Mtaa wa Tatu. Nikatoka nje nikaangalia kibao cha mtaa, kwa uhakika zaidi.

Nikampigia Bi Arlys, akafika. Aliingia nyuma ya tarishi, ili asishike mlango, mikono yote miwili mfukoni.

"Koki kuu iko wapi?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Chini, nyuma ya boila la kupashia jengo joto. Nyekundu."

Bwana Lindgren akakunja suruali ashuke mwenyewe. Ilinibidi nimkumbushe kwamba mtunzaji wa akaunti naye hagusi. Aliiandika kanuni hiyo yeye, na tulimpongeza kwa keki. Akapanda tena kitini.

Huku kwetu mtu mwenye adabu, hata ukimkaribisha kahawa, hukataa mara mbili, ya tatu hukubali. Mkurugenzi akaitegemea mila.

"Bi Arlys, tafadhali kaifunge."

"Aa, hapana, nashukuru."

"Nakuomba sana."

"Usijisumbue, Bwana Lindgren."

Tukapumua wote. Ilibaki moja.

"Mama yangu, nakusihi."

"Hapana," akasema Bi Arlys. Hakuwa anatania, macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Nikigusa, naendesha basi mpaka kaburini. Nyie ndio mlioniambia."

Basi likatafutwa ombi la fundi. Lilikuwa mezani kwangu, chini ya kikombe. Mkurugenzi akalitia saini juu ya mgongo wangu, foleni nzima ikaisha hapo hapo. Fundi akaja, maji yakafungwa, jengo likapona.

Ningeishia hapo, lakini mimi ni mtu wa kazi. Nikainua kidole.

"Bosi, mtunzaji haruhusiwi kupanga kwenye jengo la akaunti anayoitunza. Tukilala hapa leo, akiba ya Bi Arlys inatozwa kodi yote."

"Nani kaandika upuuzi huo?"

"Wewe, bosi."

Bi Arlys akakohoa. "Nisingependa kuwaharakisha," akasema.

Tukahama siku hiyo hiyo, makaratasi yetu yakirundikwa kwenye theluji. Siku hizi jengo lina daktari wa meno, tena analipa pango kwa wakati, na basi la shule lina dereva mwingine.

Wa mwisho kutoka alikuwa Bwana Lindgren, amekumbatia kibao cha Idara, sanduku na mashine ya kahawa, kidevu kikiwa juu ya yote. Mlango ulikuwa umejifunga. Bi Arlys alisimama kando yake, mikono mfukoni.

"Nifungulie mlango tu, Bi Arlys."

"Ningependa kweli," akasema, tena kwa huruma. "Leta ombi."