Binti wa Kasino Hakuninywesha Chai

Fahali wa baba yangu alinunuliwa mnadani Mugumu, huko Serengeti, mimi nikiwa kijana ambaye hajaota ndevu. Alikuwa mweusi tii, na doa jeupe kwenye paji kama mtu amempaka uji. Tulikwenda kwa miguu, tukarudi kwa miguu. (Siku hizi ukimtuma kijana dukani anauliza pikipiki iko wapi.) Bei siikumbuki. Nakumbuka chai.

Aliyetuuzia alikuwa Mwikoma mrefu mwenye kikohozi. Alipomaliza kufunga hela kwenye leso hakuondoka. Alimshika baba mkono, akatupeleka kwa mama mmoja aliyekuwa anauza chai chini ya turubai, akatununulia chai ya maziwa na maandazi. Baba alipewa mawili, mimi moja. Hata fahali aliletewa maji. Kisha akatusindikiza mpaka mtoni, akamkabidhi baba kamba kwa mikono miwili, ndipo akaaga. Njiani baba akaniambia, "Umeona? Mtu akila hela yako lazima akunyweshe chai. Asipokunywesha, huyo hakukuuzia. Amekuibia."

Nimezeeka na neno hilo. Hata kwenye drafti, anayenifunga namwambia aninunulie chai, na akigoma sichezi naye tena. Watu wa hapa kwetu Nyamwaga wananijua.

Basi neno hilo la baba ndilo limeniumbua leo, mbele ya watu, nimevaa koti.

Mnajua kwamba kwenye ukoo wetu mimi ndiye hukagua ng'ombe wa mahari. Shule sikusoma, niliingia darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga, na ng'ombe hawakunipa cheti. Lakini nawajua. Na siri yangu leo nawapa bure, maana haina thamani tena: ng'ombe simwangalii sana. Namwangalia mshika kamba. Ng'ombe hajui kudanganya. Mshika kamba akiwa na macho yanayohamahama, huyo ng'ombe ana kasoro, hata kama amenona mpaka anang'aa.

Sasa juzi alikuja shemeji yangu Robi, mjane wa mdogo wangu. Kijana wake Marwa anafanya kibarua cha kusaga mawe ya dhahabu kule Genkuru. Amejinyima, ameweka hela ya mtamba mmoja, na huyo ndiye mtamba wa mwisho wa mahari yake. Wakwe wako Gorong'a, wanamsubiri, na baba wa mchumba si mtu wa kusubiri sana. Hapo ndipo Marwa akasikia habari ya kasino ya kwenye simu. Tena si ile ya kuchorwachorwa. Hii ni laivu: kuna binti mzima anazungusha gurudumu kwa mkono wake na wewe unamwona. Marwa anasema kwa vile unamwona, hakuna wizi. Anataka aweke hela ya mtamba itoke mitamba miwili.

"Shemeji, mkataze," Robi akaniambia. "Wewe anakusikia."

"Nitakatazaje kitu sijakiona? Ng'ombe hakataliwi akiwa bado kwenye zizi la watu. Acha nikakague kwanza."

"Ukakague nini?"

"Huyo binti."

Robi akaniangalia vile watu wanavyoangalia wingu la mvua ya mawe likija shambani.

Nikakubaliana na Marwa hivi: tunajaribu na hela yangu ya beberu. Nikisema inafaa, anaweka ya mtamba hapohapo. Nikisema haifai, anaenda mnadani. Neno langu ndilo la mwisho. (Beberu mwenyewe alikuwa wa mke wangu Ghati. Yeye ndiye aliyemlea, mimi nilimshika pembe tu siku ya kumuuza.)

Leo asubuhi nikavaa koti na kofia, nikashika fimbo. Ghati akauliza, "Msiba uko wapi?" Nikamwambia naenda kikao. Hakuna uongo pale, nilikuwa naenda kukaa.

Tukafika kwa Ryoba ninakochezea drafti, yule mwenye kibanda cha kuchaji simu pale senta, ambaye jioni huonyesha mpira. Simu ya Marwa kioo kimepasuka kama tope la lambo wakati wa kiangazi. Ryoba akasema, "Ngoja niiunganishe na runinga, mzee aone vizuri." Ule ulikuwa wema, na ndio ulioniua. Runinga ya Ryoba inaonekana mpaka barabarani. Vijana wa bodaboda wakaona kuna mwanga na mwanamke, wakazima pikipiki wakaja. Alikuwepo na nesi wa zahanati, dada mmoja mpole wa kutoka Tanga, anasubiri simu yake ijae.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kaa, nakagua kitu hapa."

Binti akatokea. Gauni jeusi, nywele zimebanwa, amesimama nyuma ya meza ya kijani, pembeni gurudumu lenye namba, nyekundu na nyeusi. Anaongea Kiingereza. Marwa akaandika kitu kwenye simu, akaniambia, "Nimemsalimia kwa niaba yako, baba mkubwa. Jina nimeandika Mzee."

Haukupita muda, yule binti akainua macho, akatabasamu, akasema maneno yake mengi, na katikati nikasikia moja la kwangu: "Mzee." Alilitamka vibaya, kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Lakini alilitamka. Marwa akatafsiri, "Anasema karibu, Mzee, anafurahi kukuona."

Mimi nikavua kofia, nikaiweka kwenye kiti cha pembeni.

"Babu," nesi akasema kwa upole, "yule hakuoni. Anasoma tu jina."

"Amesema anafurahi kuniona. Wewe ulitaka aseme nini?"

Nesi akasema, "Sawa, babu." Wana adabu watu wa Tanga.

Nikaanza kazi. Nikamwangalia macho: hayahamihami. Nikamwangalia mikono: safi, kucha fupi. Na kabla ya kuanza, ndugu zangu, akaigeuza viganja juu akatuonyesha. Mitupu. Mshika kamba gani mnadani amewahi kukuonyesha viganja? Nikageuka nikawatangazia wale bodaboda wote, kwa sauti ya kikao: "Huyu ni mwaminifu."

Marwa akatabasamu mpaka masikio. Nikamwambia, "Weka hela ya mguu wa nyuma wa beberu. Kwenye nyeusi." Nyeusi kwa sababu ya fahali wa baba. Binti akazungusha, kigololi cheupe kikakimbia kikakimbia, kikatua. Nyeusi.

Banda lote likapiga kelele. Beberu wangu ameota mguu wa tano.

Hapo nilipaswa kusimama niende nyumbani. Lakini mtu amekukaribisha, amekusalimu kwa jina, umeshinda hela yake, halafu unyanyuke tu? Hata kuku akimaliza kula hupangusa mdomo kwanza. Nikasema tuendelee kidogo kwa heshima.

Heshima ile ilianza na mguu wa tano. Nyekundu. Ukaenda. Tukaweka paja. Binti akapitisha mkono juu ya meza kama anafukuza nzi, Marwa akasema, "Hapo amefunga, hakuna kuongeza." Nyekundu tena. Paja likaenda. Nikasema nyeusi imechelewa tu, inakuja. Tukaweka mbavu za kulia. Kikatua kwenye kijani, ambacho hakuna mtu aliyeniambia kwamba kipo.

"Hiyo ni ya nani?" nikauliza.

"Ya kwao, baba mkubwa."

"Na nyekundu?"

"Ukiweka nyeusi, nyekundu nayo ni ya kwao."

Bodaboda mmoja akasema kwa nyuma, "Mzee, shingo bado?" Shingo ilikuwepo. Ikaenda. Utumbo ukaenda. Nikabaki na kichwa na ngozi, navyo nikaviweka pamoja kwa hasira, vikaenda, kichwa kimenikodolea macho.

Lakini sikuvunjika moyo, nawaambia ukweli wangu. Nilikaa vizuri kwenye kiti, nikakunja mikono juu ya fimbo, nikasubiri.

"Tunasubiri nini?" Ryoba akauliza.

"Chai."

"Nani analeta?"

"Huyo binti. Amekula beberu mzima. Sasa ataonyesha alivyolelewa."

Watu wakaanza kucheka, nikawakatiza, nikawasimulia habari ya yule Mwikoma wa Mugumu yote, pamoja na kikohozi. Na nikiwa nasimulia, simu ya Marwa ikalia. Ujumbe ukajitokeza kwenye runinga, na nyota nyota. Marwa akasoma, akaruka. "Baba mkubwa! Wamekupa bonasi! Wanasema ni zawadi!"

Jamani. Nilisimama. Nikawageukia wote mmojammoja, nikachelewa kidogo kwa nesi. "Nilisemaje? Chai hiyo. Nimekagua ng'ombe tangu baba zenu hawajaoa, nitashindwa kukagua mtu?"

"Kwa hiyo inafaa?" Marwa akauliza. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye simu, kwenye hela ya mtamba. Nilikiona kile kidole. Kina sugu za mawe ya Genkuru.

Nikafungua mdomo niseme inafaa. Naapa nilifungua. Kilichoniokoa ni kiu tu.

"Kwanza toa hiyo chai," nikasema. "Uwanunulie wote hapa soda."

Marwa akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasoma maandishi madogo, midomo inatembea. "Haitoki."

"Haitoki vipi?"

"Wanasema uichezee kwanza mara nyingi, ndiyo itoke. Na uongeze hela yako."

"Yaani chai nimepewa, lakini siwezi kunywa mpaka ninunue ng'ombe mwingine?"

"Ndiyo hivyo, baba mkubwa."

Nikasema hapana, huyu binti hajui. Hawa ni wakubwa wake wanamharibia jina. Ngoja nimuulize mwenyewe. Nikasogea mpaka mbele ya runinga, nikafunga vifungo vya koti. Marwa aandike, mimi niseme. Nikakohoa. Na wakati uleule yule binti akageuza viganja juu, vitupu, akasogea pembeni, akatoka. Hakuaga. Hakuangalia nyuma. Pale alipokuwa akasimama kijana wa kiume mwenye ndevu zilizochongwa kwa wembe.

"Amekwenda wapi?"

"Zamu yake imeisha."

"Anarudi saa ngapi?"

"Harudi, baba mkubwa. Wanabadilishana hivyohivyo."

"Na beberu?"

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo ambalo wenye simu wamelirekodi, na kama mmeshaliona kabla ya kusoma haya, basi. Nilimnyooshea fimbo yule kijana kwenye kioo, nikamwambia kwa sauti ambayo Ghati anadai ameisikia nyumbani: "Wewe mura, wewe kijana! Mwite dada yako! Mwambie mgeni wake bado hajaaga!"

"Mzee, runinga!" Ryoba akapiga yowe. "Runinga yangu, mzee!"

Na yule kijana, Mungu anaona, akatabasamu, akageuza viganja vyake, akanionyesha. Vitupu.

Mimi nikiwa nimeinua fimbo hivyo, ndipo akili yangu ikafika. Ilikuja kwa miguu kama sisi kutoka Mugumu, lakini ilifika. Yule binti hakuwa mwongo. Huyu naye si mwongo. Wanaonyesha mikono kwa sababu kweli hawana kitu. Wao ni washika kamba tu, kila mmoja anashika kidogo anampa mwenzake. Na mimi, mkaguzi mkubwa, nimekaa muda wote nakagua kucha za mshika kamba, nikasahau swali ambalo hata mtoto mnadani huuliza kwanza.

"Marwa. Mwenye ng'ombe ni nani?"

"Nani?"

"Mwenye hili gurudumu. Anayelala na beberu wangu leo. Ni nani?"

Marwa akaangalia runinga. Akaangalia simu yake. "Sijui, baba mkubwa. Yeye haonyeshwi."

Nikashusha fimbo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikatoka kwa watu bila kuaga. Sikusema inafaa, sikusema haifai. Nilipita katikati ya bodaboda, wamejikunja kwa kicheko, mmoja amekaa chini kabisa. Nesi peke yake hakucheka, aliinama anaangalia simu yake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Marwa aliniita barabarani mara mbili, "Baba mkubwa, hujasema!" Sikugeuka.

Nimefika nyumbani nimekuta Ghati ameshapata habari, amekaa mlangoni, ananiuliza tu kwa utaratibu kama kikao kilikwisha salama. Baadaye Robi akapiga simu. Marwa ametuma hela yote ya mtamba kwake, amemwambia, "Mama, ishike wewe mpaka siku ya mnada." Robi akanishukuru sana. Kisha akasema, "Lakini shemeji, mimi nilikuomba umkataze kwa mdomo tu."

Kwa Ryoba sirudi, na drafti nitachezea kwingine. Ila kofia yangu imebaki kwenye kile kiti. Atakayepita pale aniletee, asicheke, na akikuta runinga imewashwa asimsalimie mtu.