Kihisi Changu Kiko Mita Thelathini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Mkurugenzi katangaza. Ijumaa atateua mkuu wa kitengo: yule ambaye kihisi chake kitabaki na betri nyingi kuliko vyote. Tuko sita, kila mmoja na kihisi chake bwawani, kinapima joto la maji. Redio haifiki mbali majini, kwa hiyo vinapeana habari kwa sauti, cha chini kikikipa cha juu, mpaka kwenye boya juu ya maji. Kila mzigo wa habari unakula betri. Changu kiko mita nane, juu ya vyote. Yaani kinabeba mizigo ya wote! Cha shemeji kiko mita kumi na moja, raha mustarehe. Na kazi hapa nilimtafutia mimi, kwa sababu ya dada yake, mke wangu.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Vihisi huulizana kina kabla ya kupeana mzigo. Nimekiamuru changu kijibu mita thelathini na mbili, kana kwamba kiko chini ya vyote. Dakika nne, mlango umefungwa. Tangu hapo hakuna kilichokipa kitu. Mizigo yote inapita kwa shemeji. Mke wangu aliuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema ni utafiti.

Jumatano, 5 Machi
Changu asilimia tisini na sita. Cha shemeji thelathini na moja. Alikuja kuniuliza kama nimeona jambo lisilo la kawaida. Nikamshauri awe na subira. Uso mkavu kabisa! Alinishukuru, akaniletea na chai. Roho iliniuma. Kufikia saa sita ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 6 Machi
Kihisi cha shemeji kimezima. Boya kimya: vya chini havilifikii, na changu kinajidai cha chini. Mkurugenzi akaitisha kikao, akauliza tufanye nini. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha uongozi, nikapendekeza vihisi vyote vitolewe kesho na mzamiaji. Nilipigiwa makofi. Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 7 Machi
Mzamiaji ni mama mmoja asiye na masihara. Alipewa orodha ya vina kama vihisi vilivyosema vyenyewe. Vitano vilitoka kabla ya saa nne. Changu alikisaka mpaka adhuhuri. Akaibuka na tope hadi masikioni, akataka kujua nani kaandika mita thelathini na mbili kwenye bwawa la mita kumi na tisa. Nikasema labda kimejichimbia. Akazama tena kwa hasira, akakigonga kwa kichwa mita nane. Kumbukumbu za kihisi zikafunguliwa: amri ya Jumanne, saa tatu na dakika kumi, jina langu.

Nilikumbusha kikao kwamba betri yangu bado ni ya kwanza. Mkurugenzi akamteua shemeji, aliyebeba mizigo ya wote. Imeniuma, sifichi. Miaka tisa nakisubiri kile kiti! Shemeji alinipa mkono, akaahidi hatasema kitu nyumbani. Mke wangu alijua kabla sijavua viatu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari sana. Mkuu mpya ametangaza kipimo kipya: ambaye kihisi chake kitabeba habari nyingi zaidi atakuwa naibu wake. Kosa langu sasa naliona. Nilijishusha mno. Jumatatu vihisi vikirudi majini, changu kitajibu mita moja, na kila kitu kitapita kwangu.

Mke wangu ameniapisha nisiseme uongo tena kazini. Nimeapa, na nitatimiza. Atakayesema ni kihisi.