Kochi la Kahawia

Jumatano, 11 Juni 2025
Zege tangu asubuhi. Mgongo umekufa. Mke wangu Purity amepiga simu kutoka Mwingi: anakuja Jumapili kuona ninavyoishi huku Masimba. Akauliza lile kochi langu ni la rangi gani. Kochi! Mwaka mzima nimemdanganya ninalo. Nina ndoo, naipindua, naikalia. Nikajibu: kahawia.

Jioni nimeingia kundi la Facebook la kuuza vitu vilivyotumika, Kisii na Nyamira. Kumbe kuna mambo! Mtu wa Nyamarambe anauza nusu ya kitanda. Nusu gani? Nimeuliza. Hajajibu. Mwingine anauza friji: haigandishi, ila taa ya ndani inawaka vizuri. Watu kumi na wanne wameuliza kama bado iko!

Alhamisi, 12 Juni
Nimelipata! La watu watatu, kahawia, kwa mwalimu Mokeira wa Manga. Bei naiweza. Lakini nani ameuliza chini ya picha kama bado liko? Osoro! Tunabeba zege pamoja! Nimemuuliza kazini kochi ni la nini, na nyumbani kwao Manga anavyo viti. Akasema ng'ombe wake amechoka kusimama. Mjengo mzima ukacheka.

Ijumaa, 13 Juni
Akili imekuja. Osoro ni Msabato. Nusu ya kundi ni Wasabato. Kesho wako kanisani, simu zimezimwa, sina mpinzani. Jua likizama nimemwandikia Mokeira kwamba naja asubuhi. Hajajibu. Nadhani amefurahi.

Jumamosi, 14 Juni
Nimeupanda mlima wa Manga kwa miguu. Mlango umefungwa. Jirani akasema mwalimu yuko kanisani, akaniuliza nilitegemea awe wapi leo. Naye ni Msabato! Mbona sikuwaza?

Nikamfuata. Benchi la nyuma, siku nzima, kila kitu kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii nisiyoijua. Kwaya ikasimama. Anayeimba besi: Osoro! Akanikonyeza.

Wakati wa chakula nikamnong'onezea Mokeira habari ya kochi. Akasema, ndugu mgeni, siku ya Bwana hatuuzi hata kuku, kula ndizi, ngoja jua lizame. Nikalikazia jua macho kama linanidai. Likazama. Ombi la kufunga Sabato likaanza, nikafumba macho kwa heshima. Amina zilikuwa nyingi, sikujua ya mwisho ni ipi. Nilipofumbua, kanisa tupu. Nikakimbia hadi kwa Mokeira: Osoro ameshalipa, anafunga kochi kwenye pikipiki.

Jumapili, 15 Juni
Purity amefika. Ameitazama ndoo sana. Nikasema kochi liko kwa fundi, linabadilishwa kitambaa. Akasema hakuna neno, baba watoto, atakaa mpaka lirudi. Tena nimwonyeshe huyo fundi, ampelekee chai. Nikasema fundi hanywi chai. Kochi litarudi Ijumaa jioni.

Jumatatu, 16 Juni
Nimejifunza. Kosa lilikuwa kununua kwa Msabato.

Leo nimemwona kwenye kundi Salat, Mwislamu, ana duka Kisii mjini. Kochi la kahawia, zuri kuliko la Osoro! Sijamwandikia, asije akawaambia wengine. Nitamshtukiza tu dukani Ijumaa, saa saba mchana. Nimefanya uchunguzi: saa hiyo maduka ya upande ule hayana mtu kabisa.