Vunjajungu wa Tarach Asiitwe Mureithi

Lodwar,
9 Aprili 2013

Kwa Mhariri,
Jarida la Wadudu,
Nairobi

Bwana Mhariri,

Ejok, salamu za kwetu Turkana. Naandika kwa heshima, ingawa nimeichana barua hii mara mbili kwa hasira.

Umepokea makala ya Dkt. Mureithi, mkubwa wangu wa kazi, kuhusu jenasi mpya ya vunjajungu anayefanana na jani. Nilimpata mimi, Kakuma, kwenye kichaka cha mswaki kando ya laga ya Tarach, mto wetu wa msimu. Mbuzi wa Mama Akoru alikuwa karibu kumla. Jani likainua mikono, mbuzi akarudi nyuma. "Wewe msichana wa wadudu, jani lako linataka vita!" Mama Akoru akapiga kelele. Daktari alikuwa ndani ya gari, vioo vimefungwa, anakula ndizi. Sasa jenasi itaitwa Mureithia, nami nimeshukuriwa mwishoni kabisa, baada ya dereva.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Huku kwetu mtu ndiye huchukua jina la mnyama. Mjomba wangu anaitwa Apaloreng, baba wa mwekundu, kwa sababu ya maksai wake mwekundu. Maksai hajawahi kuombwa aitwe Mjomba. Angekataa.

2. Mjomba alimfunga maksai huyo kengele shingoni na hutunga nyimbo za kumsifu. Daktari alimdunga wa kwake sindano kifuani, akamfungia kwenye sanduku. Je, wajina hufanyiana hivyo?

3. Jike wa vunjajungu huyu humla mume wake shughuli ikiwa bado inaendelea, akianzia kichwani. Sijui kama Bi. Mureithi ameulizwa iwapo jina la nyumba yake litumike kwa tabia hiyo.

Kwa hiyo naomba mdudu aitwe Tarachia, kwa heshima ya laga alikozaliwa, na anayebadilisha jina awe Daktari. Aitwe Apatarachia, baba wa Tarachia: kwenye kitambulisho, mlango wa ofisi na cheti cha ndoa. Mkiona inafaa, wataalamu wote waliowahi kubandika majina yao kwa viumbe waitwe upya, marehemu wakiwemo. Mawe ya makaburi yanaweza kuchongwa upande wa pili.

Wasalimie wachapaji wako, na yule karani anayeniambia kila mara nisubiri. Nasubiri kwa adabu.

Keziah Nakal
Msaidizi wa Utafiti

Tanbihi: Daktari ameikuta barua hii mezani kabla sijaifunga, akafurahi mno. Jumamosi alichinja mbuzi Kakuma, na wazee wakampa jina lile la Apatarachia hadharani. Sasa kila mchungaji ananionya kwamba mwenye jina la maksai ndiye mwenye maksai, na nisimguse mdudu wa mzee bila ruhusa. Tafadhali, Bwana Mhariri, chapisha Mureithia haraka, kabla hawajampa na laga.