Shemeji, Turudishie Yosefu Wetu

Nyumba za Askari,
Kimaka, Jinja.
Desemba 2, 1996.

Kwa Mwalimu Makokha,
Malukhu, Mbale.

Shemeji yangu mpendwa Mwalimu,

Nakuandikia kwa heshima yote, nikiwa nimekaa chini kabisa ili hasira isianguke kutoka juu. Sisi wazima. Kuku wazima. Kisicho kizima ni Krismasi, na aliyeivunja ni wewe. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujachukua kalamu nyekundu, maana mimi niliishia darasa la nne na unajua.

Timothy na Ketty wameniambia Krismasi hii hawakai nyumbani. Wanakuja kwako Mbale kuona filamu za kweli. Hilo neno, za kweli, ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Uliyasoma maandishi ya chini. Shemeji, tangu mwaka ule serikali ilipotuhesabu watu wote, kila Krismasi tukishakula, Magidu wa kibanda cha video anatuletea televisheni yake na deki. Magidu ni Mwislamu, lakini tulipomwomba filamu ya Krismasi hakukataa. Aliweka filamu yake ya Kichina ya mapigano, akasimama kando na kipaza sauti kama afanyavyo kibandani, akapunguza kelele za Wachina, akatutafsiria: huyu mzee wa ndevu nyeupe ni Afande Yosefu, huyu mama juu ya punda ni Maria, wanakwenda kuhesabiwa. Mwenye hoteli akasema vyumba vimejaa. Yosefu akavua viatu. Hapo watu walipigwa kwa benchi moja, nyumba nzima, mpaka chumba kikapatikana, cha ng'ombe lakini chumba. Najua Luka hakuandika hiyo benchi. Lakini Yohane mwenyewe anasema yako mambo mengi ambayo hayakuandikwa. Benchi iko huko.

Wewe ulikuja mwaka jana, ukala vizuri, ukavaa miwani, ukatusomea Kiingereza cha chini ya picha. Kwamba huyo si Yosefu, ni muuza chumvi. Kwamba yule mama ni dada yake. Nani alikuuliza? Maria amekuwa Maria katika nyumba yangu miaka yote, na kwa dakika moja ukamfanya dada wa muuza chumvi.

2. Ulituondolea salamu. Hili linaniuma kuliko yote. Baba Timothy alipokuwa kaskazini, Krismasi mbili zilipita bila barua. Sikuwa mtu. Kila buti likipita nje nilisimama na mwiko mkononi. Magidu aliona. Basi Yosefu alipopanda kile kilima, akageuka, akafungua mdomo, Magidu akamtafsiri hivi: "Nawasalimu Timothy, Ketty na Jovia wa Kimaka. Mwambieni mama yenu apunguze wasiwasi, mimi nakula vizuri." Watoto walipiga makofi mpaka jirani akaja. Baba yao alirudi, na salamu hiyo Magidu hakuiacha. Kila mwaka inatoka, na Baba Timothy anakaa pale pale kwenye mkeka, analetewa salamu zake mwenyewe, anafuta pua.

Wewe ukasoma: "Leteni chumvi upesi, mvua inakuja."

Shemeji, hata kama ndivyo ilivyoandikwa, hayo ni maneno ya kuwaambia watoto siku ya kuzaliwa Bwana?

3. Jovia ameharibika imani. Mtoto wa miaka tisa, msikivu, sasa haamini chochote kilichotafsiriwa. Jumapili Padre alisoma Injili, na Padre wetu unamjua ni mgeni, Kiswahili alijifunza ukubwani. Jovia akasimama katikati ya kanisa akauliza maandishi ya chini yanasemaje. Nilimvuta gauni, akaendelea. Sasa katekista anamwita Mwalimu Makokha, na si kwa kumsifu.

4. Ugonjwa umempanda baba yake. Unajua amri kambini zinaandikwa Kiingereza, halafu afande anawaeleza askari kwa Kiswahili. Mwezi jana afande alisema zamu ya lango ni ya Baba Timothy. Baba Timothy, mtu ambaye hajawahi kujibu kitu tangu aandikishwe, akaomba kwa adabu aione hiyo karatasi, isije ikawa inasema mambo ya chumvi. Alipewa zamu ya lango na ya ghala juu yake. Fikiri sasa, Shemeji. Jeshi zima likianza kuuliza, nchi italindwa na nani? Mimi sisemi ni wewe umeleta hatari hiyo. Nasema ilianzia kwenye miwani yako.

5. Filamu yako ya theluji. Uliitoa kwenye mfuko kama mtu anayetoa dawa, ukasema hii ndiyo Krismasi ya kweli, ukamkataza Magidu kutafsiri, eti filamu ya watu wastaarabu inatazamwa kimya. Sikulala, nilitazama. Baba mmoja yuko kwenye lori, theluji imefunga njia, watoto wake wako dirishani wanamngoja. Mama yao hajaweka hata sufuria motoni. Mti wameuingiza ndani ya nyumba, kuku hayupo. Hakuna anayepigwa. Hakuna anayesalimu mtu wa Jinja. Na hiyo baridi, watoto hawana sweta za maana, nilitaka kupitisha blanketi kwenye kioo. Hiyo ni burudani ya kumpa mama?

6. Kwa hiyo naomba, na naomba kwa upole. Waandikie watoto kwamba Mbale hakuna nafasi. Sema nyumba imejaa, maneno hayo yako hata kwenye Biblia. Kisha uje wewe Jinja, usimame kando ya televisheni mbele ya watoto wangu, Magidu na huyo katekista, useme miwani ilikuwa na vumbi. Ukimaliza hapo uende kwa Padre, halafu kwa afande. Mkuu wa kambi tutaona.

Nisikilize, Shemeji. Siku zingine zote nyumba hii ina watu watano wanaotazama pande tano. Timothy anatazama barabara, Ketty kioo, Jovia daftari, baba yao lango, na mimi nawatazama wao. Krismasi tu ndiyo sote tunakaa mkeka mmoja tukitazama upande mmoja. Wakienda kwako nitabaki na masufuria. Sikuombi zaidi ya hapo.

Msalimie dada yangu Gorreti, mwambie malewa aliyotuma, yale machipukizi ya mianzi, yalifika na hayakukaa. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, mama yenu mzee, majirani wa Malukhu na yule ng'ombe aliyezaa. Magidu anakusalimu pia. Nilimwambia si lazima, akasema salamu ndiyo kazi yake.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata ukikosa,

Margret, Mama Timothy

Nyongeza: Barua hii nimemsomea Baba Timothy ili naye atie sahihi. Alikuwa anapaka buti rangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akawaruka Yosefu na chumvi, akaniuliza tu, "Yule mzee wa lori, alifika kwake?" Hata mimi sijui, kwa sababu umeme ulikatika akiwa bado njiani, na kweli, Shemeji, mimi nimemfikiria mwaka mzima. Usiniandikie jibu. Watoto usiwazuie. Tunakuja sote watano, Baba Timothy ameomba ruhusa na amepewa, na Magidu anakuja nasi, kwa hiyo nguruwe msichinje. Filamu ni ile ile ya theluji, na msiianze kabla hatujakaa. Umeme ukikatika tena msihangaike, Magidu ameahidi kumfikisha yule mzee nyumbani hata gizani.