Mkasi wa Mama na Dakika Tatu za Huzuni

Jumatatu, 3 Juni
Barua ya chuo imefika! Nimeitwa kwenye siku ya usaili wa kozi ya filamu, Jumamosi tarehe 15. Kila mwombaji aje na filamu yake ya dakika tatu inayoonyesha maisha halisi ya nyumbani kwake. Wazazi wanakaribishwa.

Maisha halisi. Ya nyumbani. Nimekwisha!

Nyumbani kwetu hakuna maisha. Kuna amani. Baba kinyozi, Mama fundi cherehani, wote kwenye chumba kimoja cha mbele. Katikati pana pazia, lakini halifungwi, maana wakifunga watapiga soga vipi? Miaka ishirini na sita ya ndoa, na ugomvi wao mkubwa ni nani amwachie mwenzake yai la mwisho. Nani atalia kwa yai?

Mwaka jana chuo walinikataa, wakasema kazi yangu haina uhai. Safari hii Baba ameapa: nikikataliwa tena, nashika fagio, nafagia nywele mpaka nijue kunyoa. Mimi! Msanii!

Jumanne, 4 Juni
Mbinu ya kwanza: kumliza Mama. Nimewasha kamera ya simu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kuhusu marehemu bibi. Akakumbuka siku bibi alipomfukuza mkaguzi wa shule kwa ufagio. Akacheka mpaka uzi ukakatika. Kisha akanipa vitunguu nimkatie.

Aliyelia ni mimi. Hakuna aliyenirekodi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda duka la dawa kununua vidonge vya kichwa kisichoniuma. Upelelezi. Binti wa duka la dawa naye kaitwa usaili uleule. Ana roho nzuri, jambo linaloudhi sana kwa mshindani. Nikamuuliza kijuujuu filamu yake inahusu nini. Hakuficha: bibi yake anapanga vidonge vyake vya wiki nzima kwenye kikopo. Basi.

Basi! Dakika tatu za vidonge! Nimemsifu kwa moyo wote. Nimetoka nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Juni
Leo nimezaliwa upya.

Ieleweke kwanza habari ya mkasi wa Mama. Ni mkubwa, mweusi, aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Haukati kitu ila kitambaa. Si karatasi, si uzi wa kiatu, si chochote. Nilipokuwa na miaka saba niliukatia karatasi ya tiara, na siku hiyo nilijifunza kukimbia. Baba hajawahi hata kuugusa.

Saa saba mchana wazazi walikuwa uani wanakula. Nikapachika simu kwenye rafu ya Mama, kati ya jora la bluu na jora la maua, inatazama upande wa Baba moja kwa moja. Nikaiwasha. Nikauchukua mkasi, nikaunyunyizia nywele za sakafuni, nikauweka mbele ya kioo cha Baba. Nikakaa kwenye benchi, mpole kama maji ya mtungi.

Mama kaingia, Baba nyuma yake. Kauona. Loo!

Kamuuliza Baba amemnyoa nani kwa mkasi wake. Baba kaapa hajui. Mzee Kipara, mteja asiye na unywele hata mmoja na anayekuja kila siku kunyolewa, akaingia wakati huohuo, akajitia kusaidia: akasema asimlaumu mumewe, huenda mashine iliharibika, dharura ni dharura. Shahidi wa aina hii hanunuliwi sokoni! Baba, kwa kubanwa, akatoa neno lililoharibu kila kitu. Akasema mkasi ni mkasi tu.

Mama aliuchukua, akaufuta kwa upindo wa gauni lake, polepole, akakaa. Filamu bora kabisa.

Jumapili, 9 Juni
Mama ameshona pazia.

Simaanishi ameshona pazia jipya. Amezishona pande mbili za lile la zamani, kutoka juu mpaka chini, mshono maradufu. Sasa yeye yuko kwake na Baba kwake. Naagizwa mimi. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimesikia. Kati yao ni hatua mbili tu, nami katikati kama tarishi wa serikali.

Baba hasimulii tena hadithi kwa wateja. Jana kamkata mtu sikio, kidogo. Mama akiwa na hasira hufua: amefua shuka, mito, mapazia ya dirishani, suruali zangu zote, pamoja na niliyokuwa naitamani leo.

Nikiri jambo, maana hiki ni kitabu changu na hakuna anayekisoma. Leo mchana kulikuwa kimya, nikajisikia vibaya. Sijawahi kusikia nyumba hii ikiwa kimya. Nusura niseme ukweli. Nilifika hadi mlangoni. Kisha nikakumbuka fagio.

Nitasema baada ya usaili. Siku sita si nyingi.

Jumatano, 12 Juni
Nimepunguza filamu, nimebakiza dakika tatu tu, kuanzia Mama anapouona mkasi. Safi. Nimeihamishia kwenye flashi. Ile ndefu sijaifuta, msanii hatupi kitu.

Nimemwonyesha binti wa duka la dawa. Kaniuliza wazazi wangu wanaendeleaje. Swali la kizembe! Hakuuliza lolote kuhusu mwanga. Nimemwambia wivu utamuua.

Ijumaa, 14 Juni
Flashi siioni.

Saa kumi: nimeiona. Ilikuwa kwenye mfuko wa suruali. Suruali ilikuwa kwenye kamba, imefuliwa mara ya pili wiki hii. Flashi inanukia maua na haifunguki. Si neno. Simu ninayo, na iliyopunguzwa imo pia. Mungu hamtupi mja wake.

Wazazi wamesema watakuja wote. Kila mmoja kanituma nimwambie mwenzake kwamba yeye anakuja kwa ajili yangu, si kwa ajili ya mtu mwingine.

Jumamosi, 15 Juni
Siku za mwizi ni arobaini. Mimi nimepewa nane.

Ukumbi umejaa waombaji na wazazi. Baba kakaa mwanzo wa safu, Mama mwisho, viti tisa vitupu katikati. Binti wa duka la dawa katangulia. Bibi yake na vidonge vyake. Kibibi kinafika kidonge cha Alhamisi, kinakihesabu upya, kinatabasamu. Watu wamefuta macho! Kwa vidonge!

Nikaitwa. Fundi mitambo akachomeka simu yangu, akauliza afungue ipi. Nikamwambia ya mkasi. Sikumwambia ziko mbili.

Nilisimama mbele, mgongo kwa skrini, uso kwa watu. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu huzuni iliyojificha kwenye nyumba za mafundi. Nikaanza. Mtu mmoja akacheka. Nikasema huzuni hii nimeishuhudia kwa macho yangu. Safu nzima ikacheka. Nikadhani ni woga, hadhira huwa hivyo mbele ya sanaa nzito. Nikaongeza sauti. Nikasema sikuongeza wala sikupunguza chochote. Ukumbi ukaangua kicheko.

Nikageuka.

Kwenye skrini, nikiwa na ukubwa wa lori, nilikuwa nanyunyizia nywele kwenye mkasi kama mpishi anayetia chumvi. Kisha nikanyata. Kisha, hili nilikuwa nimelisahau kabisa, nikasimama mbele ya kioo cha Baba nikafanya mazoezi ya kushangaa. Mara tatu. Ya pili nikaweka mkono kifuani.

Mama alisimama. Baba akasimama. Nikafunga macho. Nilipoyafungua, Mama alikuwa ameshavivuka viti vile tisa, amemshika Baba mkono, na Baba anamwomba radhi kwa lile neno la mkasi, kwa sauti, mbele ya watu. Wakatoka. Hawakunitazama hata kidogo. Heri wangenitukana.

Mwenyekiti wa jopo, akifuta machozi ya kicheko na kunitazama usoni, akaniuliza nilimpata wapi mwigizaji aliyecheza mwizi. Nikajibu ni kijana mmoja wa mtaani kwetu, mgumu kumpata. Kasema ana kipaji cha ajabu.

Jumatatu, 24 Juni
Barua. Binti wa duka la dawa kachukuliwa. Mimi sikuchukuliwa. Ila wameandika, na ninanukuu kwa uchungu, kwamba wangefurahi kama yule kijana aliyecheza mwizi angefika kwenye usaili wa uigizaji. Fedheha gani hii! Mtu hana hata jina, na ananipita! Sitampelekea ujumbe.

Nyumbani mambo ni mabaya kabisa, yaani mazuri. Mama amefumua pazia. Wanapiga soga tangu asubuhi. Nimewaomba msamaha, wakasema yameisha, kwa haraka iliyonitia shaka. Nimefagia nywele za vichwa kumi na saba. Kila mteja akija, Mzee Kipara anamsimulia.

Nimetafakari sana makosa yangu. Kosa lilikuwa moja: kutofuta ile ndefu. Mwakani sirudii.

Jioni.
Simu yangu imeibiwa! Baba hajui. Mama hajui, na alisema hivyo huku anauma kitambaa, jino linamsumbua nadhani. Lakini mimi si mjinga. Juu ya mto wangu nimekuta bahasha tupu ya duka la dawa. Yule binti! Hajatosheka na nafasi yangu, sasa anataka na simu! Ushahidi uko wazi, hata mtoto angeung'amua.

Kesho namvaa dukani kwao mbele ya wateja. Naandika haya nikiwa kwenye kiti cha Baba, na maneno ya kumwambia nimeshayafanyia mazoezi kwenye kioo. Mara tatu. Ya pili, ya mkono kifuani, ndiyo imekaa vizuri.

Upande wa pili wa pazia lililofumuliwa Mama na Baba wanachekeana, sijui redio imesema nini. Kuna kitu cheusi, cha mviringo, kinang'aa juu kwenye rafu ya Mama, kati ya jora la bluu na jora la maua. Mama na vifungo vyake! Huviacha popote.